Jani la Chura kwa Mke Mwenzangu

Binti yangu ana kikopo cha krimu ya uso ambacho hataki mtu akiguse. Juzi nilikifungua nikitafuta kitana kwenye meza yake, nikanusa, ikabidi nikae kitandani. Ilikuwa harufu ya majani mabichi yaliyopondwa, yenye uchungu kidogo, harufu ya mahali palipo na maji. Kwenye kifuniko walikuwa wamechora jani dogo la duara, limekatika upande mmoja pale kikonyo kinapoingilia. Nilimuuliza kama anajua ni jani gani. Akasema ni la Kikorea.

Wanaonijua watashangaa kusikia nilikaa. Mimi si mtu wa kukaa. Hata msibani natafuta sufuria ya kuosha, na kanisani huwa nachagua benchi la nyuma ili nitoke nikanyooshe miguu. Watu hudhani nilizaliwa hivyo. Sikuzaliwa hivyo. Nilianza kuhangaika nilipokuwa na miaka tisa, katika chumba kimoja cha ghorofa ya nne mjini Guangzhou, na hilo jani lilihusika.

Kabla ya hapo nililelewa na Bibi, mama yake baba, huko Lushoto. Mama yangu alifariki kabla sijajua kumwita. Bibi aliniita mke mwenzangu, kwa ule utani wa bibi na mjukuu wake wa kike: babu alikuwa mume wetu sote wawili, na kufa kwake hakukubadilisha chochote. Tuligombania marehemu huyo kila siku. Mboga ikiungua, Bibi alisema mume anaipenda hivyo hivyo, mimi ndiye nisiyemjua mume wangu. Nilicheka sana mwaka wangu wa mwisho pale, kwa sababu mboga ziliungua karibu kila siku.

Baba alikuwa mfamasia. Alipata ufadhili wa kwenda China kusomea mimea ya dawa, akakaa huko mwaka mzima, halafu alasiri moja akatokea uani kwetu na begi la kijani, akasema nakwenda naye. Hakuna aliyenieleza sababu. Nilifikiri, nikapata sababu yangu mwenyewe: wiki iliyotangulia nilikuwa nimemwambia Bibi kwamba nimechoka kula makande. Niliamini nimefukuzwa kwa ajili ya makande, na ndani ya ndege nikakataa chakula chochote ili ijulikane kwamba nimejirekebisha.

Guangzhou sikuipenda, nasema wazi. Kulikuwa na kelele za kengele za baiskeli, na watu walionigusa nywele bila kuniuliza. Shule ya kunipokea ilikuwa bado haijapatikana, kwa hiyo Baba akienda maabara nilibaki kwenye jengo la wanafunzi wa kigeni nikipanda na kushuka ngazi. Nilihesabu ngazi, nikahesabu madirisha, nikahesabu vigae vya korido. Nikivimaliza naanza upya. Kila jioni nilimuuliza Baba tunarudi lini, naye kila jioni akasema, "Tutaona."

Aliyeniokoa ni Daktari Vasanti wa chumba cha mbele yetu. Baba yake alikuwa na duka Tanga, naye alikulia huko hadi akawa msichana mkubwa, ndipo wakampeleka India akasomea Ayurveda, ile tiba ya kale ya Wahindi. Sasa alikuwa Guangzhou kujifunza dawa za Kichina. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga, kitamu, cha watu wa zamani kidogo. Siku moja alifungua mlango akanikuta nahesabu vigae.

"Mwanangu, hivyo vigae havizai," alisema. "Vya jana ndivyo vya leo. Hebu njoo uhesabu kitu chenye faida."

Chumba chake kilijaa mitungi. Yeye na Baba walikuwa wakitengeneza orodha ndefu ya mimea: safu moja jina la Kisanskriti, safu ya pili la Kichina, ya tatu jina letu, kama lipo. Nilikuwa na mwandiko mzuri, nikapewa kazi ya kuandika vibandiko vya mitungi. Ndivyo nilivyoyajifunza yale majina, na hadi leo nikishindwa kulala nayataja. Ashvagandha, mzizi wa kumpa nguvu aliyechoka, na jina lake maana yake harufu ya farasi. Shatavari, yenye mizizi mia, ya akina mama wanaonyonyesha. Guduchi, mtambaazi wa kutibu homa, ambao ukiukata na kuutundika ukutani unaendelea kuchipua bila udongo. Amalaki sikuhitaji kufundishwa, kwa sababu wanawake wa Guangzhou waliuza matunda yake barabarani kwenye mifuko ya plastiki. Ukilitafuna unakunja uso, halafu ukinywa maji yanakuwa matamu.

"Ashvagandha inanuka farasi kweli?" nilimuuliza.

"Nusa."

Nikanusa. "Inanuka."

"Umewahi kumnusa farasi?"

"Hapana."

"Basi andika kibandiko, usinipe ushahidi wa uongo."

Alinipeleka pia kwenye hekalu kongwe la mji kunionyesha mti wa haritaki, ambao tunda lake husafisha tumbo. Akaniambia mti huo ulifika na watawa kutoka ng'ambo, na kwamba jina walilolipata Wachina limetokana na lile la Kisanskriti, limechakaa tu njiani. Nilipenda kusikia kwamba kuna kitu kingine kilicholetwa hapo kutoka mbali. Nilimwuliza kama mti huo uliwahi kurudishwa kwao. Alinitazama, akanishika mkono tukaondoka.

Nilipomaliza kukariri majina arobaini nilijiona daktari kamili. Yeye alinishusha taratibu. Alisema hata mchunga mbuzi anajua jina la mmea na anajua unavyoonekana, na hiyo bado si dawa. Dawa ni kujua unampa nani, kwa sababu gani na wakati gani. Ndiyo maana walimu wake walimfundisha kwamba anayekwenda kuchuma aoge kwanza, aende asubuhi, ageukie mashariki au kaskazini, auombe mmea ruhusa na kuutajia anayeumwa. Baba, aliyekuwa akinywa chai pale, alicheka.

"Dada Vasanti, mmea hauna masikio."

"Mmea hauna," alisema. "Mchumaji anayo."

Barua ya Shangazi ilifika muda mfupi baadaye. Shangazi ni dada yake Baba, aliyehamia kwa Bibi tulipoondoka. Baba aliisoma amesimama dirishani, akaikunja, akaitia ndani ya kitabu cha mimea na kwenda kazini bila kunywa chai. Nilikuwa nakijua kitabu hicho vizuri, kwa hiyo nikaisoma. Shangazi aliandika kwamba kichwa cha mama kinazidi kuharibika. Asubuhi Bibi alimwona yeye, bintiye, akamwuliza amekuja kumtembelea nani. Mchungaji alimsahau, jirani alimsahau. "Anatusahau kwa zamu," aliandika Shangazi.

Kwa zamu. Maneno hayo yaliniingia mwilini yakakataa kutoka. Niliwaza orodha yenye majina yetu wote, na Bibi akishuka nayo, na mimi nipo mahali fulani chini nikisubiri. Nilishuka ngazi zote mbio nikapanda tena. Kisha nikagonga mlango wa Daktari Vasanti, nikamwuliza dawa ya mtu anayesahau.

"Nani anasahau?"

"Mtu tu."

Alijua, bila shaka, kwa sababu Baba alikuwa amemweleza. Alinitolea mtungi, nikaona majani madogo ya duara yaliyokauka. "Mandukaparni. Jani la chura, kwa kuwa linakaa majini naye. Wazee wetu waliwapa watoto wa shule na watu wenye mawazo mengi, akili itulie. Lakini nisikilize, mwanangu. Hili linatuliza kilichopo. Kilichokwisha kuondoka halikirudishi. Sijaona jani linalofanya hivyo, na nimeona mengi."

Nilisikia nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili niliisikia nikiwa mtu mzima.

Hilo jani lilikuwa limejaa nyuma ya jengo la kantini, pale bomba lilipovuja. Kesho yake asubuhi nilinawa hadi viwikoni, nikavaa gauni la kanisani na kwenda. Jua lilifichwa na maghorofa, ikabidi nikisie mashariki. Nilichuchumaa nikasema kwa sauti ndogo, "Naomba ruhusa. Nakuchuma kwa ajili ya Bibi yangu wa Lushoto. Anikumbuke."

Hapo nilisita, maana nilijua kwamba natakiwa kumtaja na Baba. Yeye naye alikuwa kwenye ile orodha ya kusahauliwa. Lakini jana yake nilikuwa nimemwuliza tunarudi lini, akasema tutaona, na nilikuwa na hasira naye ya miezi mitano. Yeye ndiye aliyenitoa kwa Bibi. Nikainama karibu zaidi na yale majani nikasema wazi kabisa, ili pasitokee makosa, "Mimi tu."

Mpishi mmoja wa kantini alikuwa amesimama mlangoni ananitazama na upawa mkononi. Alikuja akachuchumaa kando yangu, akang'oa mafungu mawili makubwa bila kuomba ruhusa ya mtu, akayatia kwenye mfuko wangu na kunionyesha kwa mikono kwamba nichemshe ninywe, joto litoke mwilini. Kwao ni jani la kupoza mwili tu. Nilimshukuru, lakini nikafika chumbani nikayatoa ya kwake yote. Hayakuwa yameambiwa.

Shida ilikuwa kuyakausha. Mama Neema, mfanyabiashara wa Moshi aliyekuja kila baada ya miezi michache kuchukua nguo na viatu kwenye masoko ya Liuhua, alikuwa anaondoka baada ya siku tatu, na ilikuwa ile miezi ya Guangzhou ambapo kuta zinatoa maji na hata soksi zikianikwa leo, wiki ijayo bado mbichi. Niliyaanika juu ya mfuniko wa jiko la wali. Niliyaweka chini ya taa ya Baba. Niliyatia katikati ya kurasa za tasnifu yake, zikapata madoa ya kijani. Kila baada ya dakika chache nilikwenda kuyagusa, bado yamelowa. Siku ya tatu nilichukua pasi nikayapiga jani moja moja, chumba kizima kikajaa ile harufu. Baba alirudi akasimama mlangoni.

"Unapiga pasi mboga?"

"Ni dawa ya Bibi."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alichukua karatasi safi, akanionyesha namna ya kukunja pakiti ya dawa kama wanavyofanya wafamasia, na akaandika juu yake jina la mama yake kamili.

Mama Neema tulimkuta amekalia mzigo wake ili ufunge. Alikuwa na hasira na dunia. "Laoban kaniambia meiyou, hakuna, na viatu naviona kwa macho yangu juu ya shelfu," alimwambia Baba. "Bosi mzima ananidanganya saa mbili asubuhi. Haya, mtoto, leta. Haina uzito? Basi inaingia kwenye kiatu." Akaisokomeza pakiti ndani ya raba ya mtoto, akaniambia nisiwe na wasiwasi, kiatu hicho atakifungua kwa mkono wake.

Nilikuwa na wasiwasi kwa wiki kumi. Nilipatiwa shule, nikawa nafukuzwa darasani kwa kutikisa dawati kwa magoti. Usiku nilitaja majina: ashvagandha, shatavari, guduchi, haritaki. La jani la chura sikulitaja, nikiogopa kulisumbua likiwa kazini.

Mama Neema aliporudi alileta kaseti. Shangazi alikuwa ameirekodi nyumbani, akamfuata nayo hadi Mombo kwenye barabara kuu. Baba aliitia kwenye redio yake aliyoitumia kujifunza Kichina, nikakaa sakafuni, mgongo ukutani. Kwanza walisikika kuku. Halafu Bibi.

"Mke mwenzangu. Hujambo? Mume wetu anakusalimia, anasema umenenepa huko, unamtia aibu."

Nilipiga mikono sakafuni kwa furaha. Alijua kila kitu. Alinitajia ng'ombe wetu, akanitajia jino langu lililong'oka kwenye muwa, akasema sahani yangu ya bluu ameificha ili hao wengine wasiitumie. Sauti yake ilikuwa ileile. Jani limefanya kazi, niliwaza, tena limefanya vizuri kuliko nilivyoomba. Nilimgeukia Baba nifurahi naye. Alikuwa ameinamia redio, anasubiri.

"Sasa niambie, mke mwenzangu," Bibi aliendelea. "Yule bwana aliyekuja kukuchukua, anakupa chakula? Alikuwa na sura ya mtu mzuri, lakini sikumwuliza jina, na hilo linanisumbua. Uniambie kama anakulisha. Haya, ngoja niache, mwanangu Elia bado hajarudi kutoka shule. Leo amechelewa sana. Akirudi nitamtuma akuletee ndizi."

Elia ni baba yangu.

Shangazi alishika kinasa sauti akasema haraka, "Kaka, ndivyo alivyo sasa, usiumie. Amekunywa majani yote ya mtoto hadi yakaisha. Mwambie asihangaike kutuma mengine, kumbe yamejaa hapa kwenye mfereji wa bomba, tulikuwa tunayakanyaga tu." Kisha mkanda ukawa kimya, zikabaki sauti za kuku.

Hakuna wakati mwingine wowote maishani mwangu nilipokuwa na hakika ya kosa langu kama siku ile. Nilikuwa nimeliambia jani mimi tu, na jani likatii. Nilimchukua Bibi mzima peke yangu, nikamwacha Baba bila mama. Nililia hadi kwikwi ikanishika, ndipo nikamweleza: gauni la kanisani, mashariki, na maneno niliyoyasema na jinsi nilivyoinama ili yasikike vizuri.

"Ulisema mimi tu?" Baba aliuliza.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ulinitoa kwa Bibi kwa sababu ya makande."

Ilimchukua muda kuelewa. Alikuja akakaa sakafuni karibu nami, mtu mrefu yule, magoti yakamfika kidevuni. Aliniuliza kama naikumbuka siku ambayo Bibi aliniacha sokoni. Niliikumbuka. Aliniambia nimsubiri pale kwa wauza viazi, halafu hakurudi, na nilijibanza nyuma ya magunia nikicheka, kwa kuwa nilidhani tunacheza kujificha. Soko lilifungwa nikiwa bado najificha. Mwalimu mmoja ndiye aliyenirudisha, na Bibi alinipokea mlangoni akaniuliza nimetoka wapi. Mimi nilihesabu kwamba nimeshinda mchezo.

"Huyo mwalimu ndiye aliyeniandikia," Baba alisema. "Nikaja. Siku ile nimefika na begi, unakumbuka Bibi alinikalisha wapi?"

Nilifikiri. "Kwenye kiti cha kitambaa."

"Hicho kiti ni cha nani?"

Kiti cha kitambaa kilikuwa cha wageni. Sisi wa nyumbani hatukukikalia kamwe, tungechapwa.

"Ulikuwa bado hujachuma jani lolote," alisema. "Nilikunywa chai yake kwenye kiti cha wageni nikanyamaza, na wewe nikakunyamazia. Nilidhani nisipolisema halitakuwa. Makande hayamo kabisa. Umenielewa?"

Nilisema ndiyo. Mwili haukuamini mara moja, miguu yangu ilikuwa bado inacheza yenyewe. Aliweka mkono wake mzito juu ya magoti yangu akauacha hapo hadi yakatulia. Kisha akainuka, akaugeuza mkanda upande wa pili na kuniambia nianze kumjibu Bibi, nisilie, atasikia.

Nilimsalimia mume wetu. Nilimwambia sahani abaki nayo vizuri, na kwamba makande nayapenda. Nilipoishiwa maneno, nilimtazama Baba, nikidhani atazima. Alivuta kiti akakaa, akakohoa kidogo, akafunga kifungo cha juu cha shati, akaisogeza redio mbele yake. Alitumia ile sauti ya heshima ambayo mtu huitumia kwa mama wa watu wengine.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye yule bwana. Samahani, siku ile niliondoka bila kukuambia jina. Mtoto anakula, mama, anakula vizuri, usiwe na wasiwasi naye. Na Elia nimemwona njiani. Anakuja."